Bibi Laura Ingalls Wilder, Mwalimu wa Mbugani

Wengi katika ninyi msomao gazeti hili mtakuwa walimu, na baadhi ya wanafunzi wetu wa zamani wamekwisha kuwa. Kwa hiyo nimeona vema kuwaletea habari za Bibi Laura Ingalls Wilder wa Marekani. Ulimwengu wamjua kwa vitabu alivyoandika uzeeni. Lakini kwanza alikuwa mwalimu mwoga, asiyetimiza hata miaka 17.

Laura alizaliwa tarehe 7 Februari, 1867, karibu na kijiji cha Pepin katika jimbo la Wisconsin. Baba yake, Bwana Charles Ingalls, alikuwa mkulima, seremala, mwindaji na mpiga fidla. Mama yake, Bibi Caroline, alikuwa mwalimu kabla ya kuolewa. Siku zile, kwa sheria ya mwaka 1862, serikali ya Marekani ilimpa mtu ekari 160 za ardhi ili mradi akae juu yake miaka mitano na kuilima. Basi Bwana Ingalls hakuweza kutulia. Alihamahama na jamaa yake katika gari la farasi lililofunikwa turubali: wakaenda Kansas, wakarudi Wisconsin, wakaenda Minnesota, kisha Iowa, kisha Minnesota tena. Huko Minnesota nzige walikula ngano yao. Mwaka 1876 mtoto wao wa pekee wa kiume alikufa kabla hajatimiza mwaka mmoja. Na mwaka 1879 Mary, dada mkubwa wa Laura, aliugua sana akapofuka.

Tangu hapo Laura alikuwa macho ya dada yake. Kila alichokiona alimweleza kwa maneno: rangi ya mawingu, mwendo wa farasi, sura za watu njiani. Kazi hiyo ndiyo iliyomfundisha kuandika, ingawa mwenyewe hakujua wakati ule.

Mwaka huo huo wa 1879 walihamia Dakota, katika mbuga za majani zisizo na miti, mahali mji wa De Smet ulipojengwa kando ya reli mpya. Walikuwa watu wa sala. Ibada ya kwanza ya mji huo ilifanywa mwaka 1880 katika nyumba waliyokuwa wakikaa. Kisha ukaja msimu wa baridi wa 1880 na 1881. Tufani za theluji ziliifunika reli, garimoshi likakoma kuja, na chakula kikapungua. Watu walisaga ngano kwa vinu vya kahawa ili wapate mkate. Vijana wawili walijitoa kwenda mbugani katika baridi ile kutafuta ngano ya kuokoa mji. Mmoja wao aliitwa Almanzo Wilder. Mkumbukeni kijana huyo.

Mwaka 1881 Mary alipelekwa chuo cha vipofu huko Vinton, katika Iowa. Nguo na nauli zake zilitaka fedha, na wazazi hawakuwa nazo. Laura akashona mashati mjini kwa ujira mdogo. Kisha akafanya mtihani wa ualimu, akafaulu, akapewa shule ya chumba kimoja mbali na mji, kwa miezi miwili ya baridi. Wanafunzi walikuwa watano tu, lakini wengine walimzidi kimo, na mmoja alimzidi hata umri. Theluji ilipenya katika nyufa za mbao, nao wakasoma wamelizunguka jiko. Mwalimu mwenyewe alikuwa hajamaliza shule, na jioni alijisomea ili asiachwe na wenzake wa mjini.

Taabu kubwa haikuwa darasani bali nyumbani alikopangishwa. Mke wa mwenye nyumba alichukia maisha ya mbugani, akashinda kimya au akigomba. Usiku mmoja, kama Laura alivyosimulia baadaye, aliamka akamwona mama yule amesimama na kisu mkononi, akimtaka mumewe amrudishe kwao. Laura hakupata usingizi tena. Asubuhi alikwenda kufundisha kama kawaida, maana kila siku aliyovumilia ilikuwa msaada kwa Mary.

Ijumaa ya kwanza, alipokuwa akihofu kukaa siku mbili nzima katika nyumba ile, zilisikika kengele za farasi nje ya shule. Almanzo Wilder alikuwa amekuja kumchukua kwa gari la theluji, lile lisilo na magurudumu, ili alale kwao. Jumapili akamrudisha. Akafanya hivyo kila juma, hata siku ya baridi ya kugandisha pumzi za farasi puani, ikawa hana budi kusimama mara kwa mara kuwapangusa. Laura, aliyepungukiwa na umri wake kwa miaka 10, hakupenda kumdanganya mtu. Alimwambia waziwazi kwamba apanda gari lake kwa kuwa ataka kufika nyumbani tu, na shule itakapofungwa hatafuatana naye tena. Kijana mwingine angaligeuza farasi. Almanzo hakujibu mengi; Ijumaa iliyofuata kengele zikasikika kama desturi.

Shule ilipofungwa, Laura alikaa dirishani akiwatazama vijana wenzake wakipita na magari yao ya theluji wakicheka, akajiona mpweke. Almanzo alipobisha hodi kumwalika, aliitikia upesi. Hivyo ndivyo uchumba wao ulivyoanza. Alifundisha mihula mitatu kwa jumla, na tarehe 25 Agosti, 1885, mchungaji Edward Brown akawafungisha ndoa pasipo sherehe kubwa. Laura alivaa nguo nyeusi, na kwa mapatano yao wenyewe neno la kutii liliachwa katika kiapo, kwani hakutaka kuahidi asiloweza kulitimiza.

Msidhani kwamba baadaye yote yakawa raha. Mwaka 1888 wote wawili waliugua dondakoo, na Almanzo akabaki na udhaifu wa miguu. Mwaka 1889 mtoto wao mchanga wa kiume alikufa, na nyumba yao ikaungua. Ukame nao ukala mazao. Mwaka 1894 wakahama na binti yao Rose hadi Mansfield, jimbo la Missouri, wakapanda matufaha, wakaanza upya. Kitabu cha kwanza cha Laura kilitoka mwaka 1932, alipokuwa na miaka 65, na Rose, aliyekuwa mwandishi, akimsaidia kusahihisha. Cha nane kilitoka mwaka 1943, nacho ndicho kisimuliacho shule ile na kengele zile. Almanzo alifariki mwaka 1949. Laura akamfuata tarehe 10 Februari, 1957, siku tatu baada ya kutimiza miaka 90.

Hatuna budi kusema na lililo zito. Ardhi waliyojenga huko Kansas ilikuwa ya Waosage, na kitabu cha mwaka 1935 kilikuwa na maneno yaliyowataja wenyeji kana kwamba si watu. Msomaji mmoja alipolalamika, Laura alikiri kosa, na mwaka 1953 maneno hayo yakabadilishwa. Hata hivyo mengine yalibaki, na mwaka 2018 wakutubi wa Marekani waliliondoa jina lake katika tuzo yao ya vitabu vya watoto. Sisi ambao nchi zetu pia ziliwahi kuitwa tupu na wageni twaweza kulielewa jambo hilo bila kuelezwa.

Lakini msichana yule katika chumba cha mbao hatumsahau. Ewe unayepangiwa shule ya kwanza mbali na kwenu, nawe waogopa wanafunzi warefu kuliko wewe: yeye pia aliogopa, akafungua mlango, akaita majina.