Dian Fossey: muganga wa watoto wa gorila waliobaki bila mama

Wakaaji wengi wa Bukavu, Goma na Bunia wanajua jina la Dian Fossey. Wameona filamu juu ya maisha yake, ama wamesikia kwamba ni mzungu mwanamke aliyeishi na gorila mlimani mpaka akauawa. Lakini wachache wanajua mambo mawili. La kwanza, kazi yake na gorila ilianzia hapa kwetu Kongo, haikuanzia Rwanda. La pili, kabla ya kugusa gorila hata mmoja, kazi yake ilikuwa kutunza watoto waliolemaa katika hospitali. Hilo la pili ndilo linaeleza mambo mengi aliyofanya baadaye, wakati watoto wa gorila wenye vidonda vya waya walipoletwa mbele ya mlango wake.

Alizaliwa tarehe 16 Januari 1932 katika mji wa San Francisco, Marekani. Wazazi wake waliachana akingali mdogo. Alipenda wanyama tangu utoto na alijaribu kusomea udaktari wa wanyama, lakini masomo ya kemia na fizikia yalimshinda. Basi akageukia masomo ya kuwasaidia wagonjwa na walemavu warudishe nguvu za mwili kwa mazoezi na kazi za mikono. Alipata shahada yake mwaka 1954, kisha akaenda Louisville, katika jimbo la Kentucky, kufanya kazi kwenye hospitali ya watoto walemavu. Pale alijifunza kitu ambacho hakiandikwi kwenye karatasi ya dawa: mtoto aliyeumia, tena mwenye woga, hawezi kupona kama hajapata mtu wa kumshika na kumtuliza.

Mwaka 1963 alichukua mkopo wa benki akaja Afrika kutembea. Huko Olduvai, Tanzania, alikutana na mtafiti Louis Leakey. Kutoka hapo alipanda mpaka Kabara, chini ya mlima Mikeno, upande wetu wa Kongo. Ndipo alipoona gorila wa milima kwa mara ya kwanza. Miaka mitatu baadaye Leakey alimtafuta tena, akamwomba arudi kuwachunguza gorila kwa muda mrefu. Alikubali.

Mwanzo wa mwaka 1967 alipiga hema pale Kabara. Mtu aliyemfundisha kufuata nyayo za gorila ni Mkongomani, mzee Sanwekwe, aliyekuwa amekwisha kuwaongoza watafiti wengine kabla yake. Bila yeye, yule mama mrefu kutoka Marekani asingefika mbali. Ni Sanwekwe aliyemwonyesha majani yaliyolalwa, mavi ya jana na ya leo, na namna ya kusogea polepole bila kuwatisha wanyama.

Kabara haikudumu. Julai 1967 mamluki na askari wa Katanga waliasi dhidi ya serikali ya Mobutu. Wazee wa Bukavu wanakumbuka vizuri mwaka ule: Jean Schramme na watu wake waliukamata mji mwezi wa Agosti, wakaushika mpaka mwanzo wa Novemba. Mashariki yote ilikuwa ya wasiwasi, na kila mzungu alishukiwa. Askari walipanda Kabara wakamshusha Dian, wakamweka Rumangabo karibu majuma mawili. Alipona kwa ujanja. Aliwaambia kwamba anataka kwenda Kisoro, Uganda, kutengeneza karatasi za gari lake na kuchukua pesa. Walimsindikiza, na alipovuka mpaka hakurudi tena.

Tarehe 24 Septemba mwaka huohuo alianzisha kambi mpya upande wa Rwanda, katikati ya volkano Karisimbi na Visoke. Aliunganisha majina hayo mawili, akaiita Karisoke. Kambi iko juu sana, kama mita 3,000, mahali pa baridi, mvua na ukungu. Wakaaji wa chini walimpa jina la Nyiramacibiri, mwanamke anayekaa peke yake mlimani.

Mwaka 1969 ndipo kazi yake ya zamani ilimrudia. Bustani ya wanyama ya Köln, Ujerumani, ilitaka gorila wa milima, na msimamizi wa hifadhi wakati ule alikubali wakamatwe. Kumkamata mtoto wa gorila si sawa na kumkamata mwana-mbuzi. Mama hamwachi. Baba mwenye mgongo mweupe hamwachi. Familia nzima inasimama mbele, na ili kumpata mtoto mmoja, wakamataji wanaua wakubwa. Kwa mtoto wa kwanza, ambaye Dian alimwita Coco, gorila kama 10 waliuawa. Kwa wa pili, Pucker, wengine kama 8.

Coco alikuwa amefungwa mikono na miguu kwa waya, akabebwa kwenye mti wa mwanzi, kisha akatiwa ndani ya sanduku dogo. Alipofika kwa Dian, vidonda vya waya vilikuwa vimeoza, mwili umekauka kwa kukosa maji, naye hana nguvu ya kula. Pucker alikuja siku chache baadaye katika hali mbaya zaidi, na vidonda kichwani na kwenye viungo.

Dian hakuwa daktari wa wanyama, na daktari wa kuitwa karibu hakuwepo. Alianza na mambo ambayo mtoto yeyote mgonjwa anayahitaji. Joto kwanza, kwa sababu mtoto wa gorila hulala juu ya tumbo la mama, na akikosa mwili wa mama baridi ya mlima inaweza kumuua usiku mmoja. Baada ya joto, maji na maziwa kidogo kidogo, si mengi kwa mara moja. Kisha kusafisha vidonda na kutoa dawa ya kuua vijidudu. Pia giza kidogo na utulivu, mbali na watu wengi, maana woga peke yake unaweza kumaliza mnyama mdogo.

Kisha akafanya jambo ambalo wengi wangeliona wazimu. Chumba kimoja cha nyumba yake alikigeuza kuwa msitu. Wafanyakazi wake walikata majani mabichi kila siku wakayaleta ndani: majani ambayo gorila wanakula, matawi ya kupanda, majani makavu ya kulalia. Dian alilala pamoja na watoto, akawabeba, akajifunza kutoa sauti za gorila wakubwa ili wasiogope. Kwa siku kadhaa ilionekana kwamba hawataishi. Lakini walipowekwa pamoja walikumbatiana, na kuanzia hapo walianza kula. Dian aliandika kwamba Coco, alipotazama mlima kupitia dirisha, alilia machozi ya kweli.

Baada ya majuma kadhaa walikuwa wakicheza nje kwenye majani, wamenenepa. Dian alitaka kuwarudisha msituni, kwenye familia ya gorila aliyoijua. Msimamizi wa hifadhi alikataa. Kama hawatatolewa, alisema, watu watatumwa kukamata mwingine. Maana yake ilikuwa wazi: familia nyingine ya gorila ingeuawa. Basi Dian aliwatoa. Mwezi wa Mei 1969 watoto hao wawili walipelekwa Köln. Waliishi huko miaka tisa, wakafa wote wawili mwaka 1978, mmoja akimfuata mwenzake. Kazi nzuri ya kuwaponya ilikuwa imewatayarisha kwa ajili ya kifungo. Uchungu huo haukumtoka.

Mwaka huohuo wa 1978 alipata somo jingine. Mwisho wa Desemba 1977 majangili walikuwa wamemuua Digit, gorila aliyempenda kuliko wote, na Julai 1978 walishambulia familia yake tena. Waliuawa dume kubwa Uncle Bert na jike aliyeitwa Macho, kwa jina la Kiswahili. Mtoto wao Kweli, wa miaka kama mitatu, alipona lakini risasi ilimpata karibu na bega. Alibaki na ndugu zake, na dume kijana aliyeitwa Tiger alimkumbatia usiku na kumsafisha mchana, kama mama. Haikutosha. Kidonda kilioza, na baada ya miezi mitatu hivi Kweli alikufa. Mapenzi bila dawa hayakumponya Kweli, na kama Dian alivyokuwa ameona hospitalini Louisville, dawa bila mapenzi nayo haitoshi.

Tarehe 1 Januari 1980 mtoto mwingine aliletwa Karisoke, akiwa amenyang'anywa wauzaji. Kwa sababu ya siku ile aliitwa Bonne Année. Safari hii hakuna aliyemzuia Dian. Alimtunza majuma kadhaa, kisha akampeleka msituni. Familia ya kwanza ilimpiga na kumuuma, ikabidi aokolewe. Ya pili ilimpokea. Aliishi na gorila wenzake karibu mwaka mmoja, kabla ya kufa kwa homa ya mapafu wakati wa mvua nyingi. Ni muda mfupi, lakini alikufa akiwa gorila huru.

Maisha ya Dian Fossey yana upande mwingine, na watu wa huku hawapaswi kuuficha. Alivyowahurumia watoto wa gorila, hakuwahurumia hivyo wanadamu waliokaa pembeni ya msitu. Aliwatesa watu aliowashuku ujangili, aliwatisha wachungaji, na wakati mmoja alimshika mtoto wa jangili ili kumlazimisha baba yake. Maskini aliyeweka mtego wa kunasa swala alimwona kama adui, wakati mnunuzi tajiri mwenye dola alikuwa mbali, hagusiki. Kwa wakaaji wa Kivu Kusini, ambako familia za Batwa ziliondolewa katika msitu wa Kahuzi-Biega baada ya parke kuundwa mwaka 1970, jambo hilo si hadithi ya mbali. Kulinda wanyama kwa kuwadharau watu kunazaa chuki, na chuki hiyo mwishoni inawarudia wanyama.

Usiku wa kuamkia tarehe 27 Desemba 1985 Dian aliuawa kwa panga ndani ya nyumba yake Karisoke. Mpaka leo watu wanabishana juu ya aliyemuua. Alizikwa palepale, karibu na Digit. Wakati ule gorila wa milima walikuwa karibu 250 tu katika volkano za Virunga. Leo, ukijumlisha na wale wa Bwindi nchini Uganda, wamepita 1,000. Hiyo ni kazi ya walinzi wa parke na waganga wa wanyama wa nchi tatu, wengi wao Wakongomani, na wengi wamekufa wakiifanya.

Kazi aliyoianza ndani ya chumba cha majani sasa ina nyumba zake katika mashariki ya Kongo. Rumangabo, mahali alipofungwa mwaka 1967, kuna kituo cha gorila yatima kinachoitwa Senkwekwe. Ndakasi, aliyeokotwa mwaka 2007 akiwa ameshikilia maiti ya mama yake, aliishi huko mpaka mwaka 2021. Kasugho, Kivu Kaskazini, kuna kituo cha gorila wa nchi za chini. Kwa wakaaji wa Bukavu, kituo cha karibu ni Lwiro, kwenye njia ya Kavumu na Katana, kilichofunguliwa mwaka 2002 na ICCN pamoja na CRSN. Kinapokea sokwe na nyani walionyang'anywa wauzaji, na wengi wanafika vilevile kama Coco: waya mkononi, njaa, woga.

Ndiyo maana maisha ya mama huyu yana faida kwa mtu wa Kalehe, Kabare au Walungu anayekutana na mtoto wa mnyama wa msituni. Kama mtoto yuko peke yake lakini hajaumia, asiguswe haraka, labda mama yuko karibu anaogopa watu. Kama ameumia ama mama amekufa, awekwe ndani ya kikapu ama katoni yenye nguo kavu, mahali pa giza, bila kelele wala watoto wa kumchezea. Damu ikitoka, kidonda kibanwe kwa kitambaa safi. Waya ulioingia ndani ya nyama usivutwe kwa nguvu, aachiwe muganga. Asipewe pombe wala mkate, na asilazimishwe kunywa akiwa hana fahamu.

Anayemshika ajilinde pia. Afunike mdomo na pua, aepuke kuumwa, anawe kwa sabuni. Mafua ya mtu yanaweza kumuua sokwe, na mnyama naye anaweza kumpa mtu kichaa cha mbwa, Ebola ama mpox. Halafu taarifa ifike upesi kwa ICCN, kabla usiku haujaingia.

Na zaidi ya yote, asinunuliwe, hata kwa huruma. Sheria ya 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 inakataza biashara ya wanyama wanaolindwa, lakini hata bila sheria hesabu ni rahisi. Anayelipa dola ili kumwokoa mtoto mmoja amemtuma muuzaji arudi msituni kutafuta mwingine, na huko kuna mama atakayesimama mbele ya bunduki. Dian Fossey alilijua hilo siku alipomtazama Coco akiondoka mlimani, vidonda vyake vimekwisha kupona.