Masinde Muliro, yatima wa Matili aliyefika Chuo Kikuu cha Cape Town

Kila barua za kuitwa vyuo vikuu zikitoka, huku kwetu Pwani huzuka mjadala ule ule: mtoto aende Bara, au atafutiwe nafasi karibu na nyumbani? Katika nyumba ambayo hakuna aliyewahi kukanyaga chuo kikuu, mjadala huwa mzito zaidi, maana hakuna wa kuulizwa. Ndiyo maana leo nataka kumzungumza marehemu Masinde Muliro. Wengi humkumbuka kwa siasa. Mimi nataka tuanze na masomo yake.

Alizaliwa mwaka 1922 kijiji cha Matili, karibu na Kimilili, katika Bungoma ya leo. Wazazi wake walifariki naye angali mdogo, akalelewa na kakaye wa upande mmoja, Aibu Naburuku. Jina hilo halitajwi sana, na naona si haki. Yatima asiye na wa kumshika mkono aliishia kuchunga ng'ombe, si kusoma.

Mji mkubwa wa karibu ulikuwa Kitale, lakini Kitale ya wakati huo haikuwa ya watu kama yeye. Trans Nzoia yote ilikuwa nchi ya walowezi, na shule nzuri iliyokuwa mjini ilikuwa ya watoto wa Kizungu. Mtu wa Bungoma alikwenda Kitale kutafuta kibarua shambani. Kwa hivyo Muliro alisoma katika shule za misheni ya Kikatoliki, kisha akavuka mpaka kuingia Uganda, akasoma St. Peter's, Tororo.

Baada ya hapo njia ilikuwa moja tu: Makerere. Marehemu Ronald Ngala, wetu wa Kaloleni, alipita huko akatoka na diploma ya ualimu. Nami ni mtu wa diploma, siidharau. Lakini Makerere ya miaka hiyo ilikuwa haijatoa digrii. Mwaka 1949 ndipo ilipofungamana na Chuo Kikuu cha London kwa ajili hiyo. Aliyetaka digrii ilibidi aitafute mbali.

Muliro aliitafuta Cape Town, Afrika Kusini. Aliingia chuo kikuu cha huko mwishoni mwa miaka ya 1940, akasoma historia, falsafa na elimu. Tuutazame wakati wenyewe. Chama cha makaburu kilikuwa kimeshinda uchaguzi wa 1948, na sheria za ubaguzi zilipitishwa moja baada ya nyingine mbele ya macho yake. Chuo hicho kilikuwa miongoni mwa vichache vilivyopokea wanafunzi Waafrika pamoja na Wazungu, na waliopata nafasi walikuwa wachache mno. Hata hao, darasani waliketi pamoja na wenzao, lakini wakitoka nje ya darasa rangi iliwatenga. Mwaka 1959 serikali ikapitisha sheria ya kuwafungia Waafrika mlango huo. Muliro alikuwa ameshapita.

Alirudi Kenya mwaka 1954 na digrii yake, na mke aliyemuoa huko huko Afrika Kusini. Nchi ilikuwa katika hali ya hatari. Akafundisha shule ya wasichana ya Alliance, kisha chuo cha walimu cha Siriba, Maseno.

Machi 1957 Waafrika walichagua wawakilishi wao wa Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza. Elimu wakati huo ilihesabika hata katika sanduku la kura, kwani aliyesoma zaidi aliweza kupewa zaidi ya kura moja. Muliro akamshinda W. W. W. Awori, mtu mwenye jina kubwa, akachukua kiti cha Nyanza Kaskazini. Ngala naye akachaguliwa Pwani. Mwaka 1960 wawili hao wakawa pamoja katika KADU, Ngala rais na Muliro makamu wake, wakidai majimbo. Hoja yao ilishindwa wakati ule, lakini Mpwani asome katiba ya 2010 kisha aseme kama walikuwa wakiota.

Baada ya uhuru Muliro alifanya makao yake Trans Nzoia, kule kule ambako wazee wake waliingia kama vibarua, akawa mbunge wa huko. Mwaka 1975, akiwa waziri, alipiga kura kuunga mkono ripoti ya bunge juu ya mauaji ya J. M. Kariuki, na Kenyatta akamfuta kazi. Alijua bei yake kabla ya kuinua mkono.

Mwaka 1991 alikuwa mmoja wa wazee sita walioanzisha FORD, pamoja na Jaramogi Oginga Odinga na Ahmed Salim Bamahriz wa Mombasa. Tarehe 14 Agosti 1992, akirudi kutoka London, alianguka katika uwanja wa ndege wa Nairobi akafariki, miezi minne kabla ya uchaguzi wa vyama vingi alioupigania.

Chuo kikuu cha Kakamega kimebeba jina lake. Watoto wetu pia huitwa huko, na wako wazazi wanaolisoma jina la Muliro kwa mara ya kwanza kwenye barua ya mtoto.