Daftari la Franklin

Benjamin Franklin, aliyezaliwa Boston mwaka 1706, alisoma shuleni miaka miwili tu; mengine aliyapata katika kazi ya uchapishaji. Akiwa kijana huko Philadelphia aliorodhesha maadili 13, miongoni mwayo kiasi, bidii na haki, akayatengea kurasa katika kijidaftari. Kila juma alikazania adili moja, na jioni akatia alama nyeusi kwa kila kosa, mithili yetu walimu na kalamu zetu nyekundu. Unyenyekevu aliuongeza mwisho, baada ya rafiki kumweleza kwamba alikuwa na kiburi.

Linalonisumbua ni lile adili la haki. Bwana huyu alimiliki watumwa kwa miaka mingi, na gazeti lake likachapisha matangazo ya kuwauza. Sidhani kwamba jioni hizo alitia alama kwa ajili yao. Alizinduka uzeeni: mwaka 1787 alikubali kuwa rais wa chama cha kupinga utumwa cha Pennsylvania, na Februari 1790, akiwa mgonjwa, akatia saini ombi la kulitaka Bunge la Marekani likomeshe utumwa. Bunge lilikataa. Aprili akafariki.