Joe DiMaggio: Mwana wa Mvuvi na Sauti Iliyochelewa

Wahenga wetu walinena kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Wamarekani wachezao besiboli huenda hawaijui methali hiyo, lakini maana yake wanaijua barabara. Maisha ya marehemu Joe DiMaggio ni ushahidi wake.

DiMaggio alizaliwa tarehe 25 Novemba 1914 mjini Martinez, jimbo la California. Baba yake, Giuseppe, alikuwa mvuvi aliyetoka Sicily, Italia, naye alitaka wanawe waifuate bahari. Joe hakuiweza kazi hiyo. Harufu ya samaki ilimchefua. Akakimbilia mpira, yeye na ndugu zake Vince na Dominic. Ajabu ni kuwa wote watatu walifika ligi kuu, na wote watatu wakawa wadakaji wa kati.

Nafasi hiyo ina hadhi yake, msomaji. Nyuma kabisa ya uwanja wa besiboli husimama wadakaji watatu: wa kushoto, wa kati na wa kulia. Mpira ukipigwa juu ukashukia baina ya wawili, wote hukimbia macho yakiwa mawinguni. Wasipoambizana, ama watagongana, ama kila mmoja atamwachia mwenziwe, mpira uanguke chini. Ndipo ikawa desturi kwamba wa kati ndiye nahodha. Akiita kuwa mpira ni wake, wenziwe humpisha, kisha huzunguka nyuma yake wauzuie ukimponyoka.

DiMaggio aliingia New York Yankees mwaka 1936. Katika misimu 13 alitwaa ubingwa mara 9, na mwaka 1941 alipiga mpira salama katika michezo 56 mfululizo, rekodi ambayo haijavunjwa. Alikuwa mtu wa maneno machache.

Ikaja tarehe 5 Oktoba 1951, katika fainali dhidi ya New York Giants. DiMaggio alikuwa anakaribia miaka 37, na miguu imechoka. Kulia kwake alisimama Mickey Mantle, kijana wa miaka 19, mwepesi kama paa. Mantle alisimulia baadaye kwamba kocha, Casey Stengel, alimwagiza adake kila awezacho, kwa kuwa mkubwa wake amepunguza mbio. Hivyo nahodha wakawa wawili.

Willie Mays akaupiga mpira juu, ukashukia baina yao. Mantle akatimka. Alipokaribia ndipo akaisikia sauti ya DiMaggio ikiudai mpira. Kwa adabu ya mchezo akajizuia ghafula, na misumari ya kiatu chake ikanasa kwenye mfuniko wa mfereji wa maji uliokuwa majanini. Goti la kulia likateguka, akaanguka kama gogo. DiMaggio aliudaka mpira.

Desemba ile ile DiMaggio alistaafu, na Mantle akairithi nafasi ya kati. Alicheza hadi mwaka 1968 na kupata sifa kubwa, lakini goti lile halikurudia uzima wake. DiMaggio alifariki tarehe 8 Machi 1999.

Mantle hakuvunja kanuni. Aliumia kwa kuitii. Mwenye haki ya kuamuru ana deni kwa wanaompisha, nalo ni kuita mapema. Sauti ya nahodha ikichelewa, anayeumia ni baharia.