Sanford Moss na tasnifu iliyosubiri miaka 14

Wengi wetu kitivoni tukimaliza kutetea tasnifu, huiacha kwenye rafu ya maktaba na kuisahau. Maisha ya Sanford Moss, mhandisi wa Marekani, yanatupa sababu ya kusita kabla ya kufanya hivyo.

Moss alizaliwa San Francisco mwaka 1872. Akiwa na miaka 16 aliingia karakana kujifunza ufundi, kisha akasomea uhandisi katika Chuo Kikuu cha California. Mwaka 1903 alipata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Cornell. Tasnifu yake ilihusu mashine ambayo gesi ya moto huzungusha gurudumu lenye mapanga, na gurudumu hilo huendesha feni ya kubana hewa. Kwenye majaribio mashine ilishindwa: nguvu ya gurudumu haikutosha hata kuendesha feni yake yenyewe. Kampuni ya General Electric ilimwajiri mwaka huohuo, ikaendeleza majaribio kwa miaka michache, kisha ikayasimamisha kwa sababu mashine ilikula mafuta mengi na kutoa kazi kidogo.

Mwaka 1917 Marekani iliingia katika Vita Kuu. Ndege za wakati ule ziliishiwa nguvu zilipopanda juu, kwa kuwa huko hewa ni nyepesi, na injini haichomi mafuta bila hewa ya kutosha. Jambo hilo si geni Goma. Mji wetu uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa inayoingia katika injini ya motokari hapa imepungua kwa karibu sehemu moja ya saba ikilinganishwa na ya Mombasa. Nchini Ufaransa, Auguste Rateau alikuwa tayari anautumia moshi wa injini kuzungusha feni ya kuisukumia injini hiyo hewa. William Durand, mwenyekiti wa kamati ya taifa ya masuala ya ndege nchini Marekani, aliwahi kuwa profesa Cornell. Aliikumbuka tasnifu ya Moss, akamwita.

Mwaka 1918 Moss na wenzake walipandisha injini ya Liberty kwa lori hadi kilele cha Pikes Peak, Colorado, karibu mita 4,300: juu kuliko Nyiragongo, chini kidogo ya Karisimbi. Huko chini injini hiyo ilikuwa imetoa nguvu farasi 350. Kileleni ilishuka hadi 230. Ilipofungiwa turbo ya Moss, ikafika 356.

Hata hivyo, kusukuma hewa ni nusu tu ya kazi. Moshi wa injini huunguza mapanga, kwa hiyo Moss aliliweka gurudumu nje, lipozwe na upepo wa ndege. Tena hewa ikibanwa hupata joto, na ikipata joto hupanuka, hivyo sehemu ya faida hupotea. Ndiyo maana kati ya turbo na injini huwekwa kipoza hewa. Katika ndege ya P-38, iliyotumia turbo za General Electric, kipoza kilikuwa kwenye ukingo wa mbele wa bawa. Injini zilipoongezwa nguvu hakikutosha tena, kikahamishiwa chini ya pua ya injini.

Mafundi wa magari hupima jambo hilohilo. Kipoza kilicho mbele ya rejeta hupata upepo moja kwa moja, lakini mabomba yake huwa marefu. Kilicho juu ya injini, chini ya tundu la boneti, kina mabomba mafupi. Lakini gari likienda polepole juu ya mawe ya volkano, joto la injini hukipata.

Moss alistaafu mwaka 1938, akarudi kazini wakati wa vita, na tuzo ya Collier ya mwaka 1940 ikatolewa kwake pamoja na jeshi la anga. Alifariki mwaka 1946.

Tasnifu yake haikutimiza lengo lake la kwanza. Ilipata kazi nyingine kwa sababu mtu mmoja wa Cornell hakuisahau. Sisi wanafunzi tuandike kazi zinazostahili kukumbukwa, na wahadhiri wetu, tunawaomba, wasiache kuzisoma.