George Wallace: Gavana aliyeziba mlango wa chuo, kisha akaomba msamaha kanisani

Katika historia ya siasa za majimbo nchini Marekani, ni wachache waliopanda ngazi kwa kuchochea chuki ya rangi kama George Corley Wallace, aliyechaguliwa gavana wa Alabama mara nne. La ajabu ni kwamba hakuanza hivyo.

Wallace alizaliwa Agosti 25, 1919 katika mji mdogo wa Clio. Ujanani alikuwa bondia hodari, kisha akasomea sheria katika Chuo Kikuu cha Alabama. Mwaka wa 1946 alichaguliwa kuingia katika Bunge la jimbo kwa tiketi ya chama cha Democratic. Msomaji aliyekifahamu chama hicho enzi za Barack Obama huenda akashangaa, lakini wakati huo ndicho kilichokuwa ngome ya wahafidhina weupe wa kusini.

Bungeni alipigania shule za ufundi. Alipokuwa jaji kuanzia 1953, alisifiwa kwa uungwana: wakili mweusi J.L. Chestnut alisimulia baadaye kwamba Wallace ndiye jaji wa kwanza kumwita Bwana mahakamani. Hilo halikuwa jambo dogo Alabama ya miaka hiyo.

Alipowania ugavana mwaka wa 1958, chama cha kutetea haki za weusi, NAACP, kilimuunga mkono. Mpinzani wake, John Patterson, aliungwa mkono na kundi katili la Ku Klux Klan. Weusi wengi walikuwa wamezuiwa kujiandikisha kupiga kura, na Wallace akabwagwa. Aliyasoma matokeo hayo kama mchuuzi asomavyo soko. Aliwaambia wandani wake kuwa hakuna atakayemshinda tena kwa kuhubiri ubaguzi, na mwaka wa 1962 akanyakua kiti hicho kwa kishindo. Hotuba yake ya kuapishwa, Januari 1963, ambayo iliahidi kuutetea utengano wa rangi daima, iliandikwa na Asa Carter, mfuasi wa Klan.

Juni 11, 1963, Wallace alisimama mlangoni katika chuo kile kile alichosomea ili kuwazuia vijana wawili weusi, Vivian Malone na James Hood, kujiandikisha. Rais John F. Kennedy alilitwaa jeshi la akiba la jimbo na kuliweka chini ya serikali kuu, na jenerali wake akamwamuru gavana apishe. Wallace alipisha. Hakuwa ametarajia kushinda. Alichotaka ni kuonekana kwenye televisheni, na alikipata. Machi 1965, polisi wa jimbo lake waliwatwanga kwa virungu waandamanaji waliodai haki ya kupiga kura mjini Selma. Ghadhabu iliyozuka iliharakisha sheria ya mwaka huo iliyowafungulia weusi wa kusini masanduku ya kura.

Katiba ya Alabama haikumruhusu gavana kuhudumu mihula miwili mfululizo. Kwa hivyo mwaka wa 1966 alimsimamisha mkewe, Lurleen, ambaye alishinda huku mamlaka yakibaki mikononi mwa mumewe. Madaktari walikuwa wamegundua dalili za saratani kwa mama huyo mwaka wa 1961, wakamweleza mume, naye akamficha mkewe kwa miaka kadhaa. Lurleen alifariki Mei 1968 akiwa afisini. Miezi michache baadaye Wallace, akiwania urais kwa chama kipya, alizoa kura zipatazo milioni 10 na kushinda majimbo matano.

Mei 15, 1972, akiwania urais tena, alipigwa risasi mjini Laurel, Maryland, na kijana mweupe aliyetafuta umaarufu. Alipooza kuanzia kiunoni kwenda chini. Miongoni mwa waliomtembelea hospitalini ni Shirley Chisholm, mbunge mweusi aliyekuwa akiwania tiketi ile ile ya Democratic, ambaye wafuasi wake walimlaumu kwa ziara hiyo. Baadaye Wallace alimsaidia kupata kura za wabunge wa kusini ili watumishi wa nyumbani wajumuishwe katika sheria ya mshahara wa chini.

Mwaka wa 1979 alisukumwa kwa kiti cha magurudumu hadi katika kanisa la Dexter Avenue, Montgomery, alikowahi kuhudumu Martin Luther King, akawaomba waumini weusi msamaha. Wapo waliosema kwamba ni hesabu ya kura tu, kwani weusi sasa walikuwa wapiga kura. Shaka hiyo ilikuwa na msingi: mwaka wa 1982 alirejea ugavana kwa msaada wa kura zao, na akawateua weusi wengi katika nyadhifa za serikali. Hata hivyo, aliendelea kuomba msamaha baada ya kustaafu mwaka wa 1987, wakati hakuwa na kiti cha kutafuta.

Mwaka wa 1996 Vivian Malone, aliyekuwa mweusi wa kwanza kuhitimu katika chuo hicho, alipokea kutoka kwake tuzo ya ujasiri yenye jina la Lurleen. Wallace alifariki Septemba 13, 1998, akiwa na umri wa miaka 79. James Hood alikuwa miongoni mwa waombolezaji mazishini.