Mtoto wa Moravia Aliyeambiwa Hana Kipawa

Mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu aliwahi kuniuliza swali lililonifanya nisite ubaoni, chaki mkononi. Nilikuwa nimeandika kwamba ndege ya Concorde ilikuwa ikienda kwa Mach 2, naye akataka kujua iwapo neno hilo lina uhusiano wowote na mwezi wa Machi. Darasa zima liliangua kicheko. Mimi sikucheka, kwani nilitambua papo hapo kwamba kwa miaka mingi nilikuwa nikilitaja jina la mwanadamu kana kwamba ni kipimo tu, mfano wa kilo au lita. Makala haya ni jawabu langu kwake, ingawa limechelewa.

Ernst Mach alizaliwa tarehe 18 Februari 1838 karibu na mji wa Brno, katika jimbo la Moravia, ambalo zama hizo lilikuwa chini ya milki ya Austria na leo ni sehemu ya Jamhuri ya Cheki. Babake, Johann, alikuwa mwalimu aliyefundisha watoto wa watu majumbani mwao, kisha akanunua shamba na kuhamia huko na jamaa yake. Mnamo 1847, akiwa na umri wa miaka tisa, Ernst alipelekwa kusoma katika shule ya watawa wa Kibenedikto huko Seitenstetten. Hakufua dafu. Kigiriki na Kilatini vilimshinda, si kwa sababu hakuwa na akili, bali kwa kuwa hakuona maana ya kukariri kanuni za sarufi asizoelezwa sababu zake. Watawa wakamfahamisha babake kwamba kijana huyo hana kipawa chochote cha masomo, na kwamba ingefaa atafutiwe kazi ya mikono.

Hapa ndipo ninapowaomba walimu wenzangu tutue kidogo. Sidhani watawa wale walikuwa watu waovu. Walikuwa na kipimo kimoja tu, na mtoto aliyeletwa mbele yao hakuingia katika kipimo hicho. Ni wangapi miongoni mwetu ambao hatujawahi kuandika katika ripoti ya mwisho wa muhula maneno ya aina hiyo, tukatia sahihi, tukaenda zetu likizo?

Johann hakuikubali hukumu ile. Alimrudisha mwanawe nyumbani, akamfundisha mwenyewe lugha, historia, aljebra na jiometri, kisha wakatoka pamoja kwenda shambani. Aidha, Ernst aliwekwa kwa fundi seremala ajifunze kutengeneza samani. Kulikuwa na jambo jingine pia: baada ya mapinduzi ya 1848 kuzimwa, kijana yule hakuipenda hali ya siasa ya nchi yake, akawaza kuhamia Marekani, na alijua kwamba mhamiaji mwenye randa na msumeno halali njaa. Safari hiyo haikuwa. Akiwa na miaka kumi na mitano aliingia tena shuleni, na mwaka 1855 akajiunga na Chuo Kikuu cha Vienna, ambako alipata shahada ya udaktari mnamo 1860.

Mwaka huohuo alijitosa katika mzozo wa wakubwa zake. Christian Doppler alikuwa ameeleza tangu 1842 kwamba sauti ya kitu kinachokujia husikika nyembamba zaidi, na ya kitu kinachokwenda zake husikika nzito. Mwanahisabati Petzval, mtu mwenye sifa kubwa pale Vienna, alilipinga jambo hilo kwa hesabu ndefu. Mach hakujibu kwa hesabu. Alichukua bomba, akatia filimbi kwenye ncha yake, akalizungusha. Aliyesimama kando alisikia mlio ukipanda na kushuka kila filimbi ilipomjia na kumwacha; aliyesimama kwenye mstari wa mhimili hakusikia mabadiliko yoyote. Nani angeweza kubishana na masikio yake mwenyewe? Kifaa hicho ni rahisi mno, na sioni kwa nini shule isiyo na maabara isiweze kukiunda.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya ukata. Alifundisha fizikia kwa wanafunzi wa udaktari, na akageukia uchunguzi wa macho na masikio, kwa kiasi fulani kwa sababu uchunguzi huo haukuhitaji vyombo vya gharama. Mwaka 1864 alipata uprofesa Graz, na 1867 akahamia Prague, ambako alikaa miaka ishirini na minane.

Ni huko Prague alikoifanya kazi iliyolifikisha jina lake katika vyumba vya marubani, nayo ilianzia katika jambo la kutisha. Katika vita vya Ufaransa na Prussia vya 1870 na 1871, madaktari walishangazwa na majeraha yaliyotoboka mithili ya shimo kubwa, ambayo risasi ndogo isingedhaniwa kuyasababisha. Wafaransa walishukiwa kutumia risasi zenye baruti ndani, silaha iliyokuwa imekatazwa kwa mapatano ya St Petersburg ya 1868. Mnamo 1881 Mach alimsikia Melsens, mwanasayansi wa Ubelgiji, akieleza mjini Paris wazo tofauti: kwamba risasi iendayo kwa kasi husukuma mbele yake bonge la hewa iliyobanwa, na kwamba hewa hiyo ndiyo ipasuayo mwili.

Mach alitaka kuiona hewa hiyo kwa macho. Lakini utaipigaje picha hewa, isiyo na rangi, mbele ya kitu kinachopita mamia ya mita kwa sekunde? August Toepler alikwisha kubuni njia ya kupitisha mwanga kwa namna ambayo mahali hewa ilipobanwa panaonekana kama kivuli. Kilichobaki ni kuupata mwanga wa muda mfupi kupita kiasi. Risasi yenyewe ndiyo iliyofanywa iwashe taa: ilipopita ilikamilisha mkondo wa umeme, cheche ikaruka, na picha ikanaswa. Majaribio ya kwanza ya Prague yalitoa picha ya risasi bila wimbi lolote mbele yake. Kumbe risasi za bastola waliyoitumia zilikuwa zikienda polepole kuliko sauti, ambayo katika hewa ya kawaida husafiri takriban mita 340 kwa sekunde.

Mach alimwandikia Peter Salcher, mwalimu katika chuo cha wanamaji huko Fiume, mji ambao leo unaitwa Rijeka nchini Kroatia. Salcher, akisaidiwa na mwenzake Sándor Riegler, alitumia bunduki zenye nguvu zaidi, na mwaka 1886 picha zikapatikana. Zilikuwa ndogo mno, za kutazamwa kwa kioo cha kukuzia, lakini ndani yake mlikuwa na jambo ambalo mwanadamu hakuwahi kuliona: wimbi lililopinda mbele ya risasi kama maji yanavyopinda mbele ya omo la jahazi, na kurudi nyuma kwa mistari iliyonyooka pande zote mbili. Kadiri risasi ilivyokwenda kasi, ndivyo pembe ya mistari hiyo ilivyozidi kuwa nyembamba. Ikielezwa hivyo, ikaeleweka pia kwa nini askari walisikia milio miwili kwa risasi moja. Mlio mmoja ulikuwa wa bunduki, na mwingine ulikuwa wa wimbi lile likiwapita. Ncha ya mjeledi wa mchunga ng'ombe hulia kwa sababu iyo hiyo.

Mach na Salcher waliyachapisha matokeo hayo mwaka 1887, majina yao yote mawili yakiwa juu. Kipimo chenyewe, yaani kasi ya kitu ikigawanywa kwa kasi ya sauti mahali kilipo, kilipewa jina la Mach na Jakob Ackeret wa Uswisi mnamo 1929.

Wanafunzi hudhani Mach 1 ni kasi moja isiyobadilika. Sivyo. Sauti hupunguza mwendo katika hewa baridi. Tarehe 14 Oktoba 1947, Chuck Yeager aliruka katika anga ya juu ya jangwa la California kwa ndege ya X-1 kiasi cha kilomita 1,127 kwa saa, nayo ikawa Mach 1.06. Tarehe 15 Oktoba 1997, Andy Green aliendesha gari la ThrustSSC katika jangwa la Nevada kwa kilomita 1,228 kwa saa, nayo ikawa Mach 1.02 tu. Gari lilikwenda kasi kuliko ndege, na bado nambari yake ni ndogo! Ndege ilikuwa kwenye baridi ya juu, gari kwenye joto la ardhini. Mwalimu akianza na mfano huo, hana haja ya kuliomba darasa limsikilize.

Nisimfanye Mach malaika. Alikataa katakata kwamba atomu zipo, kwa hoja kwamba hakuna aliyeziona, na aliendelea kuzikataa hata ushahidi ulipokuwa ukirundikana. Mtu aliyeipiga picha hewa isiyoonekana alistahili kuwa na subira zaidi. Hata hivyo, ukali wake uleule wa kuuliza ulimsaidia Einstein, aliyekisoma kitabu chake cha 1883 juu ya elimu ya mwendo, na ambaye aliandika tanzia yake kwa heshima.

Mwaka 1898 kiharusi kilimlemaza upande wa kulia. Alistaafu 1901, akateuliwa katika baraza la juu la bunge la Austria, lakini cheo cha ukabaila akakikataa. Licha ya ulemavu wake alikwenda kuipigia kura sheria ya kuwawekea wachimba makaa kikomo cha saa tisa za kazi kwa siku. Alifariki karibu na Munich tarehe 19 Februari 1916, siku moja baada ya kutimiza miaka 78, kabla ya ndege yoyote kukaribia kasi ya risasi zile.

Mwanafunzi wangu angeweza kuniuliza swali jingine: mbona kipimo hakiitwi Salcher, ilhali ndiye aliyesimama kando ya bunduki? Sina jawabu la kumridhisha. Salcher alifariki mwaka 1928, mwaka mmoja kabla ya Ackeret kulichagua jina.